Bati la Mwanga

Mwaka wa 2003 Mukonyo alitimiza miaka hamsini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akishona mapazia ya watu. Duka lilikuwa Biashara Street, mali ya Bwana Chunilal na mkewe Lalita. Mbele kulipangwa majora ya vitambaa hadi karibu na dari; nyuma, kwenye chumba kirefu, walikaa washonaji watano na cherehani zao. Mukonyo ndiye aliyepewa kazi nzito, velveti na mapazia yenye bitana, kwa kuwa mshono wake haukupinda hata kitambaa kikiwa na urefu wa mita nne. Alijua vipimo vya madirisha ya nyumba nyingi za Lavington na Kileleshwa ambazo hakuwahi kuingia.

Yeye mwenyewe alikaa Riruta, katika ploti ya Mzee Mungai, nyuma kidogo ya Naivasha Road. Ploti ilikuwa na nyumba kumi za mawe zilizoezekwa mabati, kila moja ikiwa na chumba cha kulala na sebule. Ya Mukonyo ilikuwa ya mwisho upande wa kushoto, na alikuwa ameishi humo na mumewe Nzioka miaka kumi na minne. Binti yao Ndanu alikuwa ameolewa Machakos. Sebule yao ilikuwa ndogo lakini safi. Dari haikuwapo, basi Mukonyo alishona dari ya kitambaa kutokana na masalio ya dukani, akaivuta kutoka ukuta hadi ukuta ili wasiwe wakitazama mabati matupu.

Katika ploti ile stima ilikuwa jambo la Mzee Mungai. Mita ilikuwa moja, na bili ilikuwa ndani ya kodi. Mwaka wa 2000, mvua zilipokataa na mabwawa yakabaki matope, nchi nzima iligawiwa stima kwa saa, na watu wakazoea. Kisha mvua zikarudi, mgao ukaisha kila mahali isipokuwa kwa Mzee Mungai. Alikuwa ameona bili ya miezi ile ikiwa nusu, naye hakutaka kuisahau. Kwa hiyo kila siku saa moja asubuhi, habari za redio zikiisha, alitoka na slipa zake, akafungua kisanduku cha chuma karibu na geti na kuzima swichi kubwa. Saa kumi na mbili u nusu jioni aliiwasha tena. Pasi zilikatazwa, na koili za kupikia zilikatazwa kabisa. Balbu alizinunua yeye mwenyewe, za wati arobaini, na kila moja aliiandika herufi M kwa kalamu ya wino mzito ili mtu asije akaibadilisha na kubwa zaidi.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, na mpangaji akifiwa alikopesha viti na turubai bila kuulizwa. Wapangaji walinung'unika lakini walivumilia, kwa sababu mchana jua lilikuwepo. Dirisha la sebule ya Mukonyo lilitazama mashariki, kwenye kiwanja kitupu cha Mzee Mungai huyo huyo, palipokuwa na mparachichi mmoja na kuku wa majirani.

Chini ya dirisha hilo Nzioka aliweka meza yake. Alikuwa fundi wa saa. Miaka kumi na tisa alifanya kazi katika duka la saa mjini, mpaka mwenye duka alipofunga kwa kukosa wateja, kwa maana vijana walikuwa wameanza kutazama saa kwenye simu. Nzioka alikuja nyumbani na kisanduku chake cha vifaa na kioo kile kidogo cha kubana kwenye jicho, na watu wa Riruta na Kawangware wakamzoea. Hakupata kazi nyingi, lakini hakukosa cha kufanya. Asubuhi Mukonyo alipotoka alimwacha akipanga vibisibisi vyake kwenye kitambaa cheupe.

Mwezi wa tatu mwaka ule, mparachichi ulikatwa. Mzee Mungai alikuwa anajenga ghorofa.

Ukuta ulipanda taratibu, mawe juu ya mawe, mikono miwili tu kutoka dirishani. Aprili ulifika usawa wa meza. Juni ulipita dirisha. Agosti ulipita paa, na kuanzia hapo sebule ya Mukonyo haikujua tena kama nje ni asubuhi au alasiri. Mtu aliyeingia kutoka uani ilibidi asimame kwanza kidogo, akitafuta kiti kwa mkono.

Nzioka alihamisha meza yake nje, mlangoni. Siku ya pili aliirudisha ndani. Vumbi la saruji na kokoto lilikuwa linaingia kwenye saa za watu, na saa haipendi vumbi. Akajaribu mshumaa, lakini mshumaa unacheza, nayo kazi yake haitaki kitu kinachocheza. Wateja walikuja akawaambia warudi wiki ijayo. Baadaye wakaacha kuja.

Mukonyo aliyajua haya kwa kusimuliwa tu. Yeye aliondoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, kabla hakujapambazuka sawasawa, na kurudi saa moja na nusu jioni. Jumamosi duka lilifungwa saa kumi. Jumapili alikuwa kanisani hadi saa saba, kisha kufua, kisha sokoni, kisha kupika uani. Kazi za Biashara Street zilikuwa zimeongezeka, kwa kuwa mshonaji mmoja aliacha kazi na hakuna aliyeletwa mahali pake. Magoti yake yalikuwa yameanza kuvimba kwa kukanyaga cherehani. Alipofika nyumbani alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kochi, na mara nyingi usingizi ulimchukua sahani ikiwa bado mapajani.

Alimkuta Nzioka pale pale kila jioni, kwenye kochi, chini ya ile balbu ya M iliyotoa mwanga wa rangi ya chai.

"Umeshindaje, Baba Ndanu?"

"Nimeshinda tu."

"Meza hukuikaribia?"

"Hili giza limenimaliza," Nzioka alisema. "Mtu akikaa gizani mchana kutwa, hata mikono inasahau kazi."

Chakula alikula kidogo. Alisema hana hamu. Mukonyo alimwamini, kwa sababu yeye mwenyewe Jumapili alipokaa mle ndani nusu saa alijisikia mzito kama aliyefunikwa gunia. Jioni moja ya Septemba Nzioka alimpa suruali yake ya kanisani akamwomba aipunguze kiuno. Aliipunguza inchi mbili kwa mkono akiwa anasinzia, akakata uzi kwa meno, akamrudishia. Wala hakuuliza kitu.

Mwezi wa kumi Bwana Chunilal aliamua kutengeneza paa la chumba cha nyuma dukani. Chumba kile hakikuwa na madirisha, lakini paa lake lilikuwa na mabati matatu ya plastiki yanayopitisha mwanga, na washonaji walitunga uzi kwenye sindano mchana kutwa bila kuwasha taa. Lalita ndiye aliyesisitiza hivyo tangu zamani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alikuwa akipita nyuma ya washonaji akizima taa ambazo mtu ameziwasha kwa mazoea. "Jua iko bure," alisema kila mara. "Ya bure wewe nakataa kwa nini?"

Mafundi walibandua yale ya zamani, wakaweka mapya, na yale ya zamani yakaegemezwa kwenye ukuta wa uchochoro. Mukonyo alikwenda kutupa vipande vya vitambaa, akayaona, akasimama. Yalikuwa yamefifia na kuota ukungu wa kijani pembezoni. Aliliinua moja, akalitazama jua kupitia kwake.

Mchana ule alimfuata Lalita, ambaye washonaji walimwita kwa jina la mwanawe, penye kaunta.

"Mama Riddhi, yale mabati ya nyuma mtayapeleka wapi?"

"Yale zee? Kutupa. Kwa nini?"

"Naomba moja. Nyumba yangu imeingia giza."

Lalita alimtazama juu ya miwani. "Giza namna gani?"

Mukonyo akamweleza habari za ukuta na swichi. Hakueleza kwa urefu, maana kulikuwa na mteja. Lalita alisikiliza huku akikunja jora, kisha akasema, "Chukua, mama. Chagua ile haina ufa. Lakini osha na sabuni kwanza, sugua sana. Nashon anapeleka mapazia Jamhuri kesho, atabeba wewe na bati yako mpaka nyumbani."

Ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake alasiri Nashon, dereva wa duka, alishusha mapazia kwa mteja wa mtaa wa Jamhuri, kisha akaendelea hadi Riruta na pikapu, bati limefungwa kamba nyuma, Mukonyo ameketi mbele akiwa na furushi la masalio mapajani. Mzee Mungai alikuwa getini akihesabu mawe yaliyoletwa. Alimwacha Nashon ateremshe bati, akalizunguka mara moja.

"Mama Ndanu, hii ni nini umeniletea?"

"Ni bati la kupitisha mwanga, Mzee. Nataka fundi Maina atoe bati moja juu ya sitting room yangu, aweke hili."

"Unataka kutoboa nyumba yangu."

"Sitoboi. Natoa moja, naweka moja."

"Na mvua ikiingia?"

"Ikiingia itaninyeshea mimi."

Mzee Mungai alilibonyeza bati kwa kidole. Lilikuwa bado na ukungu. "Watu wamekaa kwa hizo nyumba miaka ishirini. Hakuna mtu ameniuliza mambo ya paa."

"Miaka hiyo yote dirisha lilikuwa linaona," Mukonyo alisema. Alikuwa amechoka, miguu yake ilitaka kukaa, na labda ndiyo sababu hakuchagua maneno. "Mzee, wewe ndiye ulituambia stima ni ghali. Sikuombi stima. Naomba jua."

Mzee aligeuka akaangalia ghorofa yake, ambayo ilikuwa inafungwa mbao za orofa ya tatu.

"Si mimi niliambia jua litokee upande ule."

"Sijasema ni wewe."

"Haya, weka. Lakini lile bati langu lirudi store, likiwa zima. Na likivuja, sitaki kusikia."

Mukonyo alilisugua bati kwa sabuni na maganda ya mahindi mpaka likaonyesha upande wa pili. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Maina alikuja na ngazi na kisanduku cha misumari. Alikuwa kijana wa Kangemi mwenye maneno machache, aliyewahi kuezeka nusu ya nyumba za mtaa ule. Mukonyo alimwambia Nzioka akae chumba cha kulala na kufunga mlango, asije akavuta vumbi. Kisha akapanda juu ya kochi, akapima kwa macho, na kwa mkasi wake wa kazi akakata mraba katikati ya dari yake ya kitambaa. Aliukunja pembeni na kuushona papo hapo ili usichanike.

Juu misumari ilianza kulia ikitolewa. Bati la zamani lilisogea, mwanga ukaingia kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Baada ya nusu saa lile jipya likawa mahali pake, na Maina akawa anapaka lami kwenye maungio.

Mukonyo alisimama katikati ya sebule, akaangalia. Vitambaa vya kochi alivyodhani ni vya rangi ya maziwa vilikuwa vya rangi ya vumbi. Ukuta wa upande wa uani ulikuwa na moshi hadi nusu. Kalenda iliyokuwa ukutani ilikuwa bado ya mwezi wa saba. Aliona buibui, akaona kijiko alichokitafuta tangu Agosti kimejichomeka kando ya kabati. Akacheka peke yake.

"Baba Ndanu! Njoo uone nyumba uliyokuwa ukiishi!"

Nzioka akafungua mlango wa chumba, akaja polepole huku akishika fremu. Akasimama chini ya ule mraba wa mwanga na kuinua uso kuutazama.

Mukonyo aliacha kucheka.

Shingo ya mumewe ilikuwa imekonda hadi kola ya shati ilisimama peke yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Ngozi yake nyeusi ilikuwa na rangi nyingine chini yake, kama nguo iliyotiwa dawa isiyo yake. Na macho, ile sehemu inayopaswa kuwa nyeupe, yalikuwa ya manjano, manjano kabisa, kama kiini cha yai.

"Hebu nitazame," alisema.

"Nini?"

"Macho yako."

Nzioka aliteremsha uso. "Ni vumbi."

"Si vumbi hiyo. Tangu lini?"

"Si muda mrefu."

"Tangu lini, Nzioka?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Ndanu azaliwe. Nzioka alikaa kwenye kochi, akaweka mikono katikati ya magoti. Mikononi kulikuwa na mikwaruzo mingi mirefu, alipokuwa amejikuna.

"Mwezi wa nane. Mwanzo ilikuwa tumbo tu, hapa upande wa kulia. Likaja likapoa. Kisha ngozi ikaanza kuwasha. Mkojo ukawa kama chai ya rangi."

"Na hukuniambia."

Juu ya paa Maina aligonga msumari wa mwisho, akaita, "Mama, hapo chini iko sawa?"

"Ningekuambia saa ngapi?" Nzioka alisema. Hakusema kwa hasira. "Unaingia hapa saa moja na nusu, unavua viatu, unalala na sahani mkononi. Nakuvua hata kitambaa cha kichwa mimi. Nikasema ngoja Krismasi, mtakapofunga duka, nitakuambia. Nikaona si vizuri kukuongezea mzigo."

"Ukanidanganya ni giza."

"Hata giza lilikuwepo."

Mukonyo alitaka kumpigia kelele. Kilichokuja ni uchovu, ule wa miezi mingi, ukamkalisha chini sakafuni, mgongo umeegemea meza ya saa. Alifikiria ile suruali. Yeye aliyeweza kuangalia dirisha na kusema upana wake bila futi, alishika kiuno cha mumewe mkononi, akakipunguza inchi mbili, na akaenda kulala.

Maina aliteremka, akachungulia mlangoni, akaona walivyokaa. Alichukua bati la zamani na kulipeleka store.

Jumatatu Mukonyo hakwenda kazini. Alipiga simu dukani kutoka kibanda cha simu cha barabarani, na Bwana Chunilal akauliza habari za mapazia ya harusi yaliyotakiwa Ijumaa, kisha, alipoelezwa, akasema, "Enda, Mama. Kwanza hospitali." Walikaa kwenye benchi la hospitali ya serikali tangu saa moja hadi saa tisa. Walirudi kesho yake kwa damu, na keshokutwa kwa picha ya tumbo. Daktari alikuwa msichana mdogo ambaye naye alionekana hajalala. Aliwaeleza taratibu: kulikuwa na vijiwe katika nyongo, na kimoja kimeteremka kikaziba njia, ndiyo sababu nyongo imerudi mwilini na kumgeuza rangi. Kinaweza kutolewa kwa upasuaji.

"Mzee alikuwa anangoja nini?" daktari aliuliza.

"Krismasi," Nzioka alisema.

Daktari hakucheka. "Krismasi usingefika," alisema, na kuandika fomu ya kulazwa.

Kitanda kililaliwa na wagonjwa wawili, na zamu ya upasuaji ilichukua wiki mbili na nusu kufika. Wiki hizo Mukonyo hakuweza kuzisimulia vizuri baadaye, zilikuwa kitu kimoja kirefu. Alishona asubuhi. Saa saba, saa ya kuona wagonjwa, alikuwa wodini na uji kwenye chupa. Saa nane u nusu alirudi kwenye cherehani, na jioni alikwenda Riruta, akafua pajama za Nzioka na kuzianika sebuleni. Lalita alimpa machungwa mara mbili na hakutaja muda aliokuwa akikosekana. Ndanu alikuja kutoka Machakos na mtoto mgongoni, akakaa siku nne, akalazimika kurudi. Mzee Mungai naye alifika wodini na watu watatu wa kanisa, akaomba sala ndefu, akaacha chupa ya juisi ya machungwa. Baada ya amina aliinama akamwambia Nzioka kwamba kodi isimsumbue kichwa mwezi ule.

Upasuaji ulifanyika katikati ya Novemba. Ulikwenda vizuri, ingawa kidonda kilikaa wazi siku kadhaa. Mapema Desemba Nzioka alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Macho yake yalikuwa meupe.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na bati lilivuja. Lilivuja pembeni, tone moja kila baada ya muda, na Mukonyo akaweka beseni. Hakumwambia Mzee Mungai.

Lakini Mzee alikuwa ameliona bati lile kwa njia yake. Siku Nzioka aliporudi alikuja kumjulia hali saa sita mchana, akakaa kwenye kochi kwa karibu saa nzima, akisoma gazeti la wenyewe bila miwani. Alipotoka alisimama uani akahesabu paa zilizobaki. Wiki iliyofuata Maina alionekana tena na ngazi yake, na mabati tisa mapya ya plastiki yakapanda juu ya nyumba tisa. Wapangaji walifurahi. Furaha ilidumu mpaka Jumatatu, walipokuta karatasi imebandikwa kwenye kile kisanduku cha chuma: kwa kuwa sasa kila nyumba ina mwanga, stima itazimwa saa kumi na moja u nusu asubuhi na kuwashwa saa moja na nusu jioni.

Peres, jirani wa mlango wa pili, alimngoja Mukonyo uani Jumanne jioni. Alikuwa na watoto watatu wa shule.

"Sasa Mama Ndanu, umetufanyia nini? Shule zimefungwa, lakini watoto wangu wanaenda tuition, wanavaa uniform gizani. Leo huyu mdogo ameenda na kiatu cha dadake."

"Si mimi niliandika ile karatasi, Mama."

"Najua si wewe. Lakini ni bati yako imempa akili."

Mukonyo alikuwa ameshika mfuko wa mboga za sukuma na dawa za Nzioka, na kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa kukaa. Hata hivyo aliweka mfuko chini, akaenda hadi nyumba ya mbele, akabisha.

Mzee Mungai alikuwa anakunywa chai na taa mbili zikiwa zimewaka juu yake. Yeye nyumba yake ilikuwa na laini nyingine.

"Mzee, saa kumi na moja u nusu jua lako linakuwa wapi?"

"Linakaribia."

"Kwetu halijafika. Bati halina taa ndani yake, linapitisha kile kilichopo tu. Watoto wa Peres wanavaa viatu wakipapasa. Mimi natoka saa kumi na mbili kasoro, na ninaacha mgonjwa ambaye anameza dawa za asubuhi. Jana alimeza ya jioni."

Mzee alikoroga chai iliyokuwa imekorogwa tayari. "Mmepewa mwanga, bado mnataka."

"Mwanga wa mchana tunashukuru. Tunaomba asubuhi iwe vile ilikuwa."

"Na jioni?"

Mukonyo alifikiria jioni. Aliona kwamba akiomba yote mawili atakosa yote mawili, na kwamba hana nguvu ya kusimama pale kwa muda mrefu zaidi. "Jioni tutavumilia," alisema.

Kesho yake karatasi ilikuwa imesahihishwa kwa kalamu: asubuhi saa moja. Jioni ilibaki saa moja na nusu. Peres alimletea mboga za kienyeji zilizopikwa kwa maziwa, akasema usiseme asante, ule tu.

Duka lilifungwa tarehe ishirini na nne Desemba hadi baada ya mwaka mpya. Krismasi yenyewe Mukonyo alikwenda kanisani. Siku ya pili yake hakwenda popote. Alikaa kwenye kochi baada ya chai ya asubuhi, akisema atapumzisha magoti kidogo, na akalala. Alilala watu wakipiga kelele uani, mafundi wa ghorofa wakiwa wamekwenda makwao, mwanga wa mchana ukihama kutoka kifuani kwake hadi kwenye mkono wa kochi. Nzioka alimvua kitambaa cha kichwa. Alikaa kando yake kwa muda, kisha akaenda uani taratibu, mkono mmoja ukishikilia kidonda, akawasha jiko.

Mukonyo alipoamka ilikuwa saa tisa. Alisikia harufu ya kitu kilichoungua.

"Ni nini hicho?"

"Muthokoi."

"Tangu lini wewe unapika muthokoi?"

"Tangu leo asubuhi. Imeshika chini kidogo."

Akamletea sahani, naye akajiwekea yake, ndogo, na wakala. Mahindi yalikuwa bado magumu katikati na maharagwe yalikuwa yamevurugika kabisa. Mukonyo alimtazama akitafuna, akatazama mkono uliokuwa unainua kijiko, na kola ya shati.

"Chumvi haitoshi," alisema.

"Nikuletee?"

"Kaa. Nitakula hivyo hivyo."

Akala sahani mbili. Kisha akajilaza tena, akiwa bado na usingizi.